Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya jamii Marekani: si kila sharti la SAP limetoka Washington

Kwa marais wa vyuo vya jamii, wajumbe wa bodi za wadhamini na wakurugenzi wa ofisi za misaada ya masomo nchini Marekani.

Waheshimiwa,

Kila mwisho wa muhula, wanafunzi wanaozungumza Kiswahili katika vyuo vyenu hupokea barua pepe inayowaarifu kwamba hawatapata tena ruzuku ya Pell (msaada wa serikali kuu usiorudishwa) wala mkopo wa serikali, kwa sababu hawajafikia SAP, yaani kiwango cha maendeleo ya masomo. Wengi wao wametoka Kongo na Burundi kupitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale. Wakienda dirishani kuuliza, hujibiwa kwamba hiyo ni sheria ya serikali kuu na chuo hakina la kufanya.

Jibu hilo lina ukweli nusu. Yapo masharti yaliyomo katika kanuni za serikali kuu, kifungu cha 668.34, na hakuna chuo kinachoweza kuyakwepa. Lakini mengi yanayowakwamisha wanafunzi hawa yaliandikwa na ofisi zenu wenyewe, na mnaweza kuyaandika upya bila kuomba ruhusa Washington. Hayo ndiyo tunayoomba myabadili. Nakala ya Kiingereza mnayo. Hii tumeiandika kwa Kiswahili ili wanafunzi na wazazi wao wasome wenyewe tunachowaombea, bila kumtafuta mtoto wa jirani awatafsirie.

Tuanze na kile ambacho sheria inadai kweli. Kwanza, alama. Mwanafunzi wa programu inayozidi miaka miwili ya masomo anatakiwa awe na wastani wa C, au hali inayolingana na masharti ya kuhitimu, ifikapo mwisho wa mwaka wa pili. Kabla ya hapo, na kwa programu fupi, chuo ndicho kinachopanga wastani unaotakiwa kila hatua, mradi sera yake isiwe legevu kuliko ile inayowahusu wanafunzi wasiopokea msaada. Pili, muda wa juu kabisa: programu imalizike bila kuvuka asilimia 150 ya urefu wake. Shahada ya miaka miwili yenye krediti 60 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) ina kikomo cha krediti 90 zilizojaribiwa, yaani alizojisajili mwanafunzi, afaulu au asifaulu. Tatu, kasi: chukua jumla ya krediti alizofaulu, gawanya kwa jumla ya alizojaribu, na jibu lionyeshe kwamba akiendelea hivyo atamaliza ndani ya kikomo hicho.

Hapo kwenye kasi ndipo wanapoanguka wengi, na ndipo penye nafasi kubwa mnayoiacha bure.

Mia moja kwa 150 ni theluthi mbili, yaani asilimia 66.67. Sera nyingi zimeandika 67. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uikutanishe na mtu. Madarasa mengi ni ya krediti 3, kwa hiyo mwanafunzi aliyefaulu mawili katika kila matatu atakuwa na 18 kwa 27, au 24 kwa 36, au 30 kwa 45, na kila mara jibu ni 66.67. Amefika pale pale sheria inapomtaka afike. Kompyuta iliyowekewa 67 bila kukadiria desimali inamwandikia kwamba ameshindwa. Andikeni theluthi mbili, au agizeni mfumo ukadirie hadi namba nzima. Ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi wenu wa mfumo, na hatuoni kwa nini iahirishwe.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba sheria haiwalazimishi kudai theluthi mbili tangu siku ya kwanza. Mwongozo wa serikali kuu unaruhusu kiwango kinachopanda: chini kidogo mwaka wa kwanza, juu zaidi baadaye, alimradi mwisho wake mwanafunzi aweze kumaliza kwa wakati. Tazameni hesabu hii. Mwanafunzi anajisajili krediti 12 muhula wa Agosti na kufaulu 6. Kasi ni 50, anapewa onyo. Muhula wa Januari anajisajili 12 na kufaulu 9. Huyu ameamka. Lakini jumla yake ni 15 kwa 24, yaani 62.5, na kwa kuwa onyo hudumu muhula mmoja tu, msaada unakatwa. Amekatwa katika muhula aliofanya vizuri. Amepungukiwa na darasa moja la krediti 3 kufikia theluthi mbili: 18 kwa 27. (Na chuo chenye 67 kitamkataa hata baada ya darasa hilo.)

Kama sera ingesema asilimia 50 mpaka krediti 24 za kwanza, asilimia 60 mpaka 36, kisha theluthi mbili, huyu asingepoteza hata senti. Ndilo pendekezo letu. Namba hasa mtazijua ninyi kwa kuangalia rekodi za wanafunzi waliohitimu: wangapi kati yao walikuwa chini ya 67 mwisho wa muhula wa kwanza? Data hiyo mnayo. Itoeni kabla ya kikao cha bodi.

Kwa nini muhula wa kwanza unawaelemea wanafunzi wetu hasa? Sababu kubwa ni kozi za Kiingereza, na baada yake ni zamu za kazi. Mtu aliyesoma shule ya kambini, au aliyesoma kwa Kifaransa hadi kidato cha mwisho Uvira, mashariki mwa Kongo, anapangwa katika ngazi za Kiingereza kwa mtihani wa siku moja. Ngazi moja huwa na madarasa mawili au matatu. Akishindwa la kuandika hulirudia, na kila kurudia ni krediti nyingine zilizojaribiwa. Sasa chukueni chuo kinachozihesabu zote. Mwanafunzi akimaliza krediti 24 za Kiingereza zisizoingia katika shahada, katika zile 90 anabaki na 66 za kumalizia masomo ya krediti 60. Madarasa mawili tu ya kushindwa yanamaliza akiba yote, kabla hata hajafika kwenye kemia.

Kanuni inasema wazi kwamba chuo hakilazimiki kuingiza kozi za maandalizi katika hesabu ya kasi. Kanuni nyingine inaweka kikomo cha mwaka mmoja wa masomo, krediti 30 za mihula, kwa kozi za maandalizi zinazolipiwa na msaada, lakini kozi za Kiingereza kama lugha ya pili hazihesabiwi ndani ya kikomo hicho. Vipo vyuo ambavyo vimeandika katika sera zao kwamba kozi za Kiingereza hazigusi kasi wala muda wa juu. Vyenu ambavyo havijaandika vifuate. Alama za kozi hizo endeleeni kuzipima, hatupingi hilo.

Zamu za kazi. Mwanafunzi anayefanya kazi kiwandani au kwenye ghala usiku hubadilishiwa zamu wiki ya nne ya muhula. Darasa la saa mbili asubuhi halimwezekani tena. Anaingia kwenye mtandao wa chuo, anabonyeza kitufe, anadropu. Yeye anaamini kwamba kudropu ni kusamehewa: hakuna F ya kushindwa, wastani haukuguswa. Kweli wastani haukuguswa. Lakini tarehe ya kuacha bila kumbukumbu imeshapita, kwa hiyo inaandikwa W, alama ya kujiondoa, na W ni krediti zilizojaribiwa na hazikufaulu. Wanafunzi wengi hujifunza jambo hili Januari, katika barua ya kukatiwa.

Akiacha madarasa yote, balaa ni la pili. Msaada huchumwa, yaani huwa haki ya mwanafunzi, siku kwa siku mpaka asilimia 60 ya muhula ipite. Baada ya hapo unakuwa umechumwa wote. Muhula wa siku 105 unafikia hapo siku ya 63. Pell ya juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395, kwa hiyo muhula mmoja kwa mwanafunzi wa muda wote ni dola 3,697.50. Anayeondoka siku ya 30 amechuma kama asilimia 28.6, yaani dola 1,057 na ushei. Zilizobaki hazikuchumwa. Chuo hurudisha sehemu yake serikalini, kisha humgeuzia mwanafunzi bili ya karo iliyobaki wazi. Mtu alikuja bila deni, anaondoka na deni, na mara nyingi deni hilo hilo ndilo linalomzuia kujisajili tena. Na aliyeacha kuhudhuria bila kumwambia mtu, akapata F katika kila darasa, huhesabiwa kuwa ameondoka kimyakimya; pasipo ushahidi wa tarehe, chuo kisichochukua mahudhurio huruhusiwa kutumia katikati ya muhula.

Tunaomba mambo mawili hapa. Kabla ya kitufe cha kuacha darasa kukubali, skrini imwonyeshe mwanafunzi kasi yake ya sasa, kasi itakavyokuwa akiacha, na kama yuko kabla au baada ya asilimia 60. Mfumo una namba zote hizo. Pili, walimu watoe taarifa ya wasioonekana ifikapo mwisho wa wiki ya tatu, na mtu apige simu. Simu. Barua pepe ya chuo haifunguliwi na mwanafunzi ambaye tayari ameshaacha kuja.

Sasa onyo lenyewe. Chuo kinachopima kila mwisho wa muhula kinaruhusiwa kutoa onyo: mwanafunzi anaendelea kupata msaada muhula mmoja zaidi bila kuandika rufaa. Chuo kinachopima mara moja kwa mwaka hakina ruhusa hiyo; mwanafunzi anakatwa moja kwa moja. Tunaelewa kwamba kupima mara moja kunapunguza kazi ofisini. Lakini kunamfanya mtu wa mwaka wa kwanza apokee habari ya kwanza na ya mwisho katika barua moja. Pimeni kila muhula.

Rufaa ndiyo sehemu tunayoijua kwa karibu kuliko zote, na inaharibika kwa njia zile zile kila mara.

Sheria inamtaka mwanafunzi aeleze mambo mawili: kwa nini hakufikia kiwango, na nini kimebadilika kitakachomwezesha kufikia safari ijayo. Rufaa nyingi za wanafunzi wetu hukataliwa kwa sababu ya hilo la pili. Mtu anaandika kurasa tatu za msiba, kwa heshima na kwa uchungu, kisha anamaliza kwa kuomba huruma. Hasemi kwamba amebadilisha zamu, kwamba amepata mtu wa kukaa na watoto, kwamba ameshaenda kwa mwalimu wa ziada wa hesabu. Hasemi kwa sababu fomu haikumuuliza. Fomu ina kisanduku kimoja kilichoandikwa "eleza hali yako". Gawanyeni kisanduku hicho kiwe viwili, chenye maswali mawili tofauti, na mtaona rufaa zinavyobadilika. Kamati ikikataa, itaje ni lipi kati ya mawili halikujibiwa, badala ya "haikukidhi vigezo".

Halafu kuna ushahidi. Kanuni inataja kifo cha ndugu, jeraha au ugonjwa wa mwanafunzi mwenyewe, au mazingira mengine maalumu. Haitaji cheti cha kifo. Haisemi ndugu awe baba, mama, mke au mtoto tu. Vyeti na orodha ya "familia ya karibu" ni nyongeza zenu. Mama mkubwa aliyemlea mtu tangu akiwa na miaka minne, akafa Fizi, Kongo, ambako hata zahanati haina karatasi, hana cheti na hatapata. Kubalini maelezo ya mtu wa tatu: kiongozi wa kanisa au msikiti, mfanyakazi wa shirika la wakimbizi, mwalimu, hata bosi wa kazini anayejua kwamba mtu alikwenda kwenye matanga. Na mazingira maalumu yasisubiri msiba. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, muhula ulikuwa ndiyo kwanza umeanza. Watu waliokuwa wakilala na simu masikioni wakitafuta ndugu zao hawakuwa wagonjwa wala hawakufiwa, angalau bado, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema walikuwa wanaweza kusoma.

Lugha pia. Mwanafunzi wa ngazi ya pili ya Kiingereza hawezi kuandika rufaa nzuri kwa Kiingereza. Angeweza, asingekuwa ngazi ya pili. Pokeeni rufaa iliyoandikwa kwa Kiswahili na mlipe mfasiri, au mruhusu aeleze kwa mdomo mbele ya mkalimani na ofisa aandike. Mkalimani asiwe ndugu yake. Kuna mambo ya nyumbani, ya talaka, ya kupigwa, ya ugonjwa, ambayo mtu hatayasema mbele ya mdogo wake.

Rufaa ikikubaliwa, mwanafunzi huwekwa chini ya uangalizi kwa muhula mmoja. Kwa walioteleza sana, muhula mmoja hautoshi kwa hesabu tu, si kwa uvivu. Aliyefaulu 9 kati ya 24 anahitaji krediti 21 mfululizo bila kushindwa hata moja ili afike 30 kwa 45. Akifanya 12 zote vizuri katika muhula wa uangalizi, atakuwa na 21 kwa 36, yaani 58.3, na atakatwa tena huku akiwa na alama nzuri kila darasa. Kwa ajili ya watu kama hao kanuni imeweka mpango wa masomo: chuo na mwanafunzi wanakubaliana krediti ngapi, madarasa yapi na kiwango gani kila muhula, mpaka siku anayorudi kwenye mstari. Akiufuata, anaendelea kulipiwa bila rufaa mpya. Cha kushangaza ni kwamba kamati nyingi hutoa uangalizi mtupu bila kupiga hesabu hii ya dakika mbili. Pigeni hesabu kwanza. Ikionyesha kwamba muhula mmoja hautamfikisha, mpango uambatane na barua ya kukubaliwa.

Na muda. Matokeo hutoka katikati ya Desemba, barua hutumwa wiki ya Krismasi, ofisi imefungwa, masomo yanaanza katikati ya Januari, kamati inakaa mwisho wa Januari. Katikati ya hapo mfumo umeshamwondoa mwanafunzi madarasani kwa kutolipa. Tunapendekeza siku 10 za kazi tangu rufaa kufika hadi uamuzi, na nafasi ya darasani ishikiliwe wakati wote huo.

Kuhusu muda wa juu, tuseme moja tu, la wanaotaka unesi. Programu ya unesi inachuja, na wanaosubiri kuingia husajiliwa katika shahada ya jumla ya krediti 60 huku wakichukua anatomia na mikrobiolojia, wengine wakirudia ili kupandisha alama. Sheria inalipia kurudia darasa ulilokwisha kufaulu mara moja tu. Akija kukubaliwa unesi ana krediti 75 zilizojaribiwa, na bado 40 mbele yake. Mfumo unajumlisha 115, unaona imevuka 90, unamkata siku ile ile aliyopata barua ya furaha. Mnaruhusiwa, mwanafunzi akibadili programu, kuhesabu zile krediti tu zinazoingia katika programu mpya. Iandikeni hiyo katika sera, na ifanyike yenyewe, isisubiri rufaa.

Rufaa haiwezi kurudisha kila kitu. Pell ina kikomo cha maisha cha asilimia 600, sawa na mihula 12 ya muda wote, na kila muhula ulioharibika umeshakula sehemu yake. Ndiyo maana tunasisitiza yanayotangulia: kuonywa mapema kuna thamani kuliko kusamehewa baadaye. Na wanafunzi waambiwe ukweli mwingine ambao madirishani hausemwi vizuri. Kupumzika muhula mmoja hakurejeshi msaada. Kulipa mfukoni nako, peke yake, hakurejeshi. Kinachorejesha ni kufikia kiwango, au rufaa kukubaliwa. Tumekuwa tukikutana na watu walioambiwa "kaa nje kidogo, kisha urudi", wakakaa mwaka mzima, wakarudi na kasi ile ile.

Upande wetu tutaendelea kuwafundisha wanafunzi kujua tarehe ya kuacha bila W kabla hawajanunua hata daftari, kupiga hesabu ya kasi yao wenyewe kila mwisho wa muhula, na kutoondoka darasani kimya. Tuko tayari kufasiri sera zenu mpya na fomu ya rufaa.

Mwaka wa misaada unaanza Julai 1. Sera iliyopitishwa na bodi kufikia Mei inaweza kuingizwa kwenye mfumo na kutangazwa kwa wanafunzi kabla ya muhula wa Agosti. Tunaomba mtujibu kwa maandishi mambo manne: kama mtaandika theluthi mbili badala ya 67, kama kozi za Kiingereza zitaondolewa katika hesabu ya kasi na ya muda wa juu, kama mnapima kila muhula, na kwa nini mnadai cheti cha kifo.

Wenu,

Washauri na wakalimani wa Kiswahili wanaowahudumia wanafunzi wa vyuo vya jamii